Shajara ya mradi: kutafuta aiskrimu nzuri Dar es Salaam

Jumamosi, 11 Januari 2025: mipaka ya kazi

Lengo la mradi ni kupata orodha fupi ya maduka ya aiskrimu ambako mtu wa Dar es Salaam anaweza kumpeleka mgeni au watoto bila kubahatisha, pamoja na njia ya kuikagua orodha hiyo upya kila baada ya miezi michache. Kazi ninaifanya na shemeji yangu, ambaye huoka keki za harusi nyumbani kwake Tabata na ambaye ulimi wake haudanganyiki kirahisi. Orodha yenyewe inakaa kwenye ramani ya simu tunayowagawia ndugu na marafiki. Hapa ninaandika mbinu, gharama na yaliyogoma, ili mtu wa Mwanza, Arusha au Mombasa aweze kuiga. Maduka nitayataja kwa mitaa badala ya majina, kwa sababu duka la aiskrimu hubadilika mara tu friza inapobadilishwa au mtengenezaji anapohamia kwingine, huku maandishi yakibaki yanalisifu au kulichafua bila haki.

Eneo la awamu hii ni Posta, Kisutu, Upanga na Kariakoo kwa upande wa mjini, kisha Sinza, Mwenge, Mikocheni, Msasani na Masaki. Kigamboni, Mbagala na Tegeta zitasubiri. Aiskrimu za kiwandani zinazopitishwa mitaani kwa baiskeli na muziki, zile za Azam zikiwa ndizo zinazojulikana zaidi, hatuzipimi, kwa kuwa tunatafuta duka na wala hatutafuti kiwanda.

Jumapili, 19 Januari 2025: nyota za mtandaoni

Tulianza kwa kukusanya maduka yenye nyota nne na kuendelea kwenye ramani za simu, tukaongeza yale yanayosifiwa Instagram, kisha tukayatembelea machache ya juu kabisa. Mbinu hii haikufaa. Ukisoma maoni kwa utulivu unagundua kwamba watu wanazipa nyota taa, sofa, upepo wa bahari, maegesho na ukuta wa maua ya plastiki wa kupigia picha. Aiskrimu yenyewe hutajwa kwa neno moja, «tamu», na basi. Duka lenye sifa nyingi kuliko yote lilitupa vanila yenye chembe za barafu zilizosikika zikivunjika menoni. Jingine, ambalo ramani ilisisitiza kuwa liko wazi, lilikuwa limeshageuka kuwa duka la vipodozi.

Marekebisho yalikuwa mawili. Kwanza, tukaacha kuangalia wastani wa nyota na kuanza kusoma maoni ya nyota mbili na tatu tu, tukitafuta maneno yanayohusu umbile: imeganda, imeyeyuka, ina barafu, ina maji maji. Mtu aliyekasirika huwa anaeleza vizuri zaidi kuliko aliyefurahi. Pili, tukabadilisha watu wa kuwauliza. Madereva wa bodaboda na bajaji walitupeleka mahali penye watu wengi, jambo ambalo si lazima liwe baya, ila wengi wao wanajua mlango wa duka kuliko kilichomo ndani. Wazee wa mjini walitutajia Sno-Cream ya Mtaa wa Mansfield hata kabla hatujamaliza swali, na ukiwaacha waendelee watakusimulia ujana wao wote. Waliotusaidia hasa ni wauzaji wa malighafi wa Kariakoo, wale wanaouza koni, vikombe vya karatasi, rangi, ladha na unga wa aiskrimu. Kijana mmoja wa duka la namna hiyo hakutaka kutaja wateja wake, na alikuwa na haki, lakini alitupa kanuni ambayo haijatuangusha hadi sasa.

«Wanaochukua unga kwa gunia waache, kaka,» alisema huku akihesabu koni. «Wafuate wanaoniuliza krimu kila wiki halafu wananung'unikia bei.»

Gharama za hatua hii: Sh 46,000 za aiskrimu na takribani Sh 30,000 za usafiri. Kwa safari za mjini mwendokasi ulitosha. Kwa Masaki na Msasani bajaji haikwepeki.

Jumapili, 26 Januari 2025: vifaa

Tulihitaji vitu vitatu: mizani, kipimajoto na chombo cha kubebea. Mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu moja moja imepatikana Kariakoo kwa Sh 28,000, na haina la kusimulia.

Kipimajoto ndicho kilichosumbua. Ofisini kwetu bado kuna kile cha kuelekeza kwenye paji la uso, kilichobaki tangu enzi za Korona, na ilionekana ni busara kukiazima kuliko kununua kingine. Ukikielekeza kwenye kikombe cha aiskrimu hakitoi namba yoyote isipokuwa alama ya kuwa joto liko chini mno, kwa sababu kimetengenezwa kusoma joto la mwili wa binadamu na maeneo yake ya karibu tu. Tulinunua badala yake kipimajoto cha msumari, kile cha kuchomeka kwenye nyama, kinachosoma hadi nyuzi 50 chini ya sifuri, kwa Sh 22,000. Anayeiga na azingatie mambo mawili. Kabla ya kukiamini, kichomeke kwenye glasi iliyojaa barafu iliyopondwa na maji kidogo. Kikisoma sifuri au karibu na sifuri, kinafaa. La pili ni adabu: usikichomeke kwenye ndoo ya mwenye duka. Chukua kikombe chako, kaa, chomeka mara moja hadi katikati, na usome kabla joto la jiji halijafanya kazi yake.

Aiskrimu ya kuhifadhi inatakiwa ikae kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi, na ile ya kabati la kuchotea iwe kama nyuzi 12 hadi 15 chini ya sifuri ili kijiko kipite. Gelato, yaani aiskrimu ya Kiitaliano, huuzwa ikiwa na baridi pungufu kidogo, ndiyo maana huwa laini. Vikombe vyetu vya kwanza vilisoma kati ya hasi 13 na hasi 5, na hicho cha hasi 5 kilikuwa kimechotwa kwenye kabati la kioo lililokuwa likipigwa na jua la saa kumi.

Jumamosi, 8 Februari 2025: uzito na hewa

Aiskrimu ni maziwa, sukari, barafu, mafuta na hewa, na hewa ndiyo ya bei nafuu kuliko vyote. Mashine inapozungusha mchanganyiko huku ikiugandisha huingiza hewa, na bila hiyo tungekula jiwe tamu; swali ni kiasi gani. Marekani sheria inataka galoni moja ya aiskrimu isipungue uzito wa pauni 4.5, yaani kama gramu 540 kwa lita, kiwango ambacho kwa hesabu ya kawaida kinaruhusu hewa ikaribie kuwa sawa na mchanganyiko wenyewe kwa ujazo. Gelato nzuri hubeba hewa pungufu kuliko hiyo, asilimia 20 hadi 35 hivi ya ujazo wa mchanganyiko wake, na ndiyo sababu kikombe chake hulemea mkononi.

Kipimo tulichopanga kilikuwa chepesi: pima kikombe kikiwa kimejaa maji, ambapo gramu moja ni mililita moja, kisha pima kikombe hichohicho kikiwa kimejaa aiskrimu. Majibu ya kwanza hayakuwa na maana yoyote, kwani duka moja lilitoka likiwa jepesi sana siku ya kwanza na zito sana baadaye. Sababu ni mapengo. Bonge linalochotwa kwa kijiko cha duara likitumbukizwa kikombeni huacha nafasi tupu pembeni na chini, na mizani haijui tofauti ya nafasi hiyo na hewa iliyopigwa na mashine. Tukijaribu kushindilia kwa kijiko, tunatoa hata hewa ya halali.

Ufumbuzi ni kununua kopo la nusu lita la kupeleka nyumbani badala ya kikombe. Muuzaji hulijaza kwa mwiko bapa, akipaka kutoka pembeni kuja katikati, na mapengo karibu yote hutoweka. Ni ghali zaidi, lakini namba zake zinarudiwa. Kwa makopo yanayotoka dukani yakiwa yamefungwa huhitaji hata mizani: ujazo na uzito huandikwa kwenye lebo, gawanya kimoja kwa kingine. Hapohapo soma na viambato, maana yapo ambayo mafuta yake ni ya mawese au nazi na maziwa ni ya kupitia tu.

Baada ya hapo tuliweza kulinganisha bei kwa gramu, na picha ikageuka. Gelato ya Masaki, Sh 7,000 kwa gramu 90, inafika karibu Sh 78 kwa gramu. Kulfi ya Upanga (aiskrimu ya Kihindi ya maziwa yaliyochemshwa hadi yakawa mazito), Sh 2,500 kwa gramu 80, ni kama Sh 31. Kopo la lita moja la supamaketi la Sh 12,000 lilikuwa na gramu 520, yaani Sh 23, na koni ya mashine ya Kariakoo ya Sh 1,500 ilifika Sh 20. Supamaketi na Kariakoo, ambazo kwa macho zinaonekana kutofautiana sana kwa bei, zinakaribia kulingana ukiitoa hewa.

Jumapili, 16 Februari 2025: kubeba, kuyeyusha, kuonja kwa siri

Ili kuonja bila kujua duka, ilibidi makopo kadhaa yafike Tabata siku moja yakiwa bado yameganda. Deli la Sh 45,000 lililojazwa barafu ya kawaida halikutosha. Tulifika na uji. Barafu inayoyeyuka hukaa kwenye nyuzi sifuri, ilhali aiskrimu huanza kulegea ikiwa bado nyuzi kadhaa chini ya hapo, kwa hiyo deli lililojaa barafu tupu linaipasha moto aiskrimu, japo mkono unahisi baridi kali. Dawa ni chumvi. Sehemu moja ya chumvi ya mawe kwa sehemu tatu za barafu iliyopondwa, kwa uzito, hushusha joto hadi chini kabisa ya nyuzi kumi hasi, na ndiyo njia waliyogandishia watu aiskrimu kabla ya mashine za umeme. Barafu tuliinunua soko la samaki la Feri, ambako wavuvi hununua yao, na hapo pana tahadhari: inanukia samaki. Makopo yafungwe kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha kitu, kisha mfuko mwingine juu yake. Barafu na chumvi Sh 6,000.

Kipimo cha kuyeyuka kilihitaji chujio la waya la Sh 4,000 na glasi chini yake. Dhana tuliyoanza nayo, kwamba aiskrimu bora ndiyo inayochelewa kudondosha tone la kwanza, imefutwa. Iliyochelewa kuliko zote ilikuwa ile ya kopo la bei nafuu, ambayo baada ya nusu saa kwenye jiko lenye nyuzi 31 ilikuwa bado imesimama kama sifongo, kwa sababu hewa nyingi huzuia joto kupenya na gundi za chakula kama guar hushikilia maji. Kasi ya kuyeyuka peke yake haisemi kitu. Kinachosema ni kile kinachodondoka: aiskrimu iliyotengenezwa vizuri hudondosha kitu kizito chenye rangi moja, kama maziwa mazito, wakati iliyoyeyuka na kugandishwa upya hutanguliza maji ya rangi ya ukoko wa wali na kuacha povu juu. Zimeni feni, feni ya dari iliharibu duru nzima kwa kuyeyusha upande mmoja wa meza kabla ya mwingine.

Kuonja kwa siri kulifanyika kwa makopo yaliyoandikwa namba tu. Tulianza na vanila kwa kuwa ipo kila mahali, lakini haikutufikisha mbali, maana nyingi zimetengenezwa kwa ladha ya chupa na zinafanana. Vidoti vyeusi havithibitishi kitu. Huweza kuwa maganda yaliyokwisha kukamuliwa harufu. Inasikitisha kidogo, ukikumbuka kwamba vanila halisi inalimwa hapa hapa nchini, Kagera. Tulihamia kwenye ladha ya maziwa matupu pale inapopatikana, na embe. Msimu wa embe ulikuwa haujaisha, na embe dodo halisi haina rangi ya chungwa inayong'aa gizani. Kwa pistashio kanuni ni hiyohiyo: ya kweli ina rangi ya kijani iliyochoka, karibu na kahawia.

Ulimi uliogandishwa hauonji. Baada ya vikombe viwili au vitatu, kila kitu ni kitamu au kila kitu hakina ladha, kutegemea umeanza na kipi. Tumepunguza hadi maduka mawili kwa mkupuo, na maji ya uvuguvugu katikati. Chai ya rangi yenye tangawizi ilijaribiwa na kuondolewa, kwani ilifunika kila kitu kilichofuata.

Jumamosi, 22 Februari 2025: fundi friji

Hii ndiyo hatua iliyobadilisha mradi, na ningeshauri anayeiga aanze nayo.

Kulikuwa na jambo lisiloelezeka katika daftari: duka moja la Mikocheni lilipata alama za juu kabisa Jumamosi usiku na za chini kabisa siku nyingine, ladha ileile, mtengenezaji yuleyule. Uzito wa kopo haukubadilika. Kilichobadilika ni chembe za barafu. Shemeji alishauri tuache kuwauliza watu wa aiskrimu na tumuulize mtu wa baridi, akatupeleka kwa fundi wa friji mwenye karakana Ilala, mzee anayehudumia mabucha, maduka ya dawa na, kwa bahati yetu, wauza aiskrimu.

«Mzee wangu, aiskrimu hiyohiyo inawezaje kuwa laini leo na kesho ikawa na barafu?»

«Kijana, unaniuliza habari za aiskrimu,» alijibu. «Mimi niulize friza inazimwa saa ngapi.»

Maelezo yake, yakiungwa na tunayoyajua kuhusu barafu, ni haya. Aiskrimu inapogandishwa haraka ndani ya mashine, maji yake hugeuka chembe ndogo sana, ndogo kiasi kwamba ulimi hauzitambui. Joto likipanda hata kwa nyuzi chache, chembe ndogo huyeyuka kwanza, na likishuka tena, maji yale hayaanzishi chembe mpya bali hujishikiza kwenye zilizobaki. Kila mzunguko chembe hupungua idadi na kunenepa. Friza inayozimwa usiku ili kuokoa uniti za luku, yaani umeme wa kulipia kabla, au inayofunguliwa kila dakika ikiwa mpira wa mlango umechakaa, inafanya kazi hiyo kimya kimya, na asubuhi bidhaa inaonekana imeganda kama kawaida. Wala haihitaji mtu kuwa mwizi. Wengi huzima kwa nia njema wakiamini kwamba kitu kilichoganda hubaki kimeganda hadi alfajiri.

Alitupa dalili za kuangalia tukiwa upande wa mteja, na tumezijaribu zote. Theluji nene kwenye kuta za ndani za friza. Aiskrimu iliyojitenga na ukuta wa ndoo, ikiacha ufa mwembamba pembeni, ishara kwamba imewahi kulegea na kupoteza hewa. Mlima wa gelato uliopambwa juu ya ukingo wa chombo, ambao kilele chake kiko nje ya baridi hata kama chini ni sawa. Vyombo vya chuma vyenye vifuniko havivutii macho lakini huhifadhi vizuri zaidi. Kabati lililowekwa mlangoni palipo na jua. Kuwepo au kutokuwepo kwa stabilaiza ya umeme ukutani, kwani kompresa huumia umeme ukipanda na kushuka. Na jenereta: si kama ipo, bali inawashwa kwa ajili ya nini. Kuna mahali umeme ukikatika taa na muziki hubaki, friza zikalala.

Kutoka hapo tulipata kipimo cha bei nafuu kuliko vyote. Aiskrimu ya kijiti ya kiwandani, aina moja, huwa imetoka ikiwa sawa. Ukiinunua kwenye friza za maduka tofauti, tofauti unayoiona ni ya friza. Kwa duka linalouza na bidhaa hizo kando ya zake, kijiti cha Sh 1,000 kinakupa taarifa za wiki kadhaa za friza hiyo. Kikiwa kimepinda, kimesinyaa au kimevaa theluji ndani ya karatasi, usiagize kikombe cha Sh 7,000.

Chembe zisichanganywe na mchanga. Chembe za barafu huyeyuka ulimini mara moja. Ukisikia unga mgumu usioyeyuka, huo ni sukari ya maziwa iliyojitenga, kasoro ya mchanganyiko wenye maziwa ya unga kupita kiasi au uliokaa mno, na friza mpya haitaitibu.

Jumatatu, 24 Februari 2025: ziara za asubuhi

Kutokana na maneno ya fundi, ratiba imegeuzwa. Badala ya kwenda jioni ya mwisho wa wiki, wakati bidhaa inatoka haraka na duka limejiandaa, sasa tunakwenda Jumatatu mara milango inapofunguliwa. Ni saa isiyo na heshima ya kula aiskrimu, na wauzaji hutuangalia kwa mashaka, lakini matokeo ni wazi: karibu nusu ya maduka yaliyokuwa yakishika nafasi za juu yameshuka. Duka la Mikocheni limeondolewa. La Sinza, chumba kimoja chenye viti vya plastiki ambalo hatukulitegemea, lilitoa kikombe cha hasi 13 chenye embe laini kama ya jioni, na muuzaji alieleza bila kuulizwa kwamba friza ina mita yake ya luku ili mtu asije akakosea kuizima pamoja na taa.

Siku hiyo pia tulikagua mashine za koni za Kariakoo. Aiskrimu ya mashine haihifadhiwi. Hutoka ikiwa kama nyuzi sita chini ya sifuri na kuliwa papo hapo, kwa hiyo tatizo la friza haliihusu. Tatizo lake ni usafi, kwa kuwa mchanganyiko wa maziwa hukaa ndani ya mashine siku nzima. Swali moja latosha: mashine inaoshwa lini? Mahali pamoja tulijibiwa «mara kwa mara», jibu ambalo si jibu. Mahali pengine binti wa dukani alisema, «Kila tukifunga, kaka, njoo uone,» akatuonyesha ndoo yenye vipande vya mashine vilivyolowekwa, mipira midogo ya kuzuia kuvuja ikiwa imepangwa pembeni juu ya kitambaa cheupe, mafuta yake ya kulainishia kando. Huyo ameingia kwenye orodha siku hiyohiyo.

Jumamosi, 15 Machi 2025: Ramadhani, kulfi na faluda

Kwa mwezi huu maduka mengi ya Upanga na Kisutu hayana maana mchana, na baada ya futari hayana nafasi ya kusimama. Tumeyaacha ya Masaki na kuhamia huku.

Kulfi inastahili aya zake. Maziwa huchemshwa taratibu kwa muda mrefu, yakikorogwa yasishike chini, hadi yapungue na kuwa mazito yenye rangi ya krimu na ladha ya karameli kidogo; hutiwa sukari, iliki, pistashio au lozi, wakati mwingine zafarani, kisha humiminwa kwenye vikopo vyembamba na kugandishwa bila kupigwa hewa. Uzito wake tulioupima unakaribia wa maji yenyewe. Kwa kuwa haina hewa, huanza ngumu na kuyeyuka polepole, na kila kipande kimefungwa kwenye kikopo chake, hivyo kufunguliwa kwa friza hakukiumizi kama kunavyoiumiza ndoo iliyo wazi. Kwa jiji lenye joto letu na umeme wetu, naamini kulfi ya mjini ni chaguo la uhakika zaidi kuliko gelato ya pwani, na bei yake haifiki nusu. Shemeji hakubaliani, na alama zake zimeandikwa kando ya zangu.

Kasoro za kulfi ziko kwingine. Baadhi ya watengenezaji hufupisha kazi kwa maziwa ya kopo na unga wa mahindi au mkate uliosagwa, na hiyo huacha uzito wa ubwabwa kwenye kaakaa hata iliki ikizidishwa. Dalili nyingine ni rangi: ikiwa ya njano kali, zafarani haikuhusika.

Faluda tuliipima kwa macho tu. Glasi yenye sharubati ya waridi, tambi, mbegu zilizolowekwa, maziwa na bonge la aiskrimu juu huficha makosa ya aiskrimu vizuri mno. Atakayetaka kuhukumu duka kwa faluda aombe bonge liletwe kwenye sahani yake.

Jumamosi, 5 Aprili 2025: Sikukuu ya Idi na mwanzo wa masika

Siku za Idi zilileta tatizo tusilolitarajia. Maduka bora ya orodha yaliuza aiskrimu laini mno, inayodondoka kabla ya kufika mezani, ingawa ilikuwa mbichi kabisa. Mashine huitoa aiskrimu ikiwa nusu imeganda, na inatakiwa kupelekwa mara moja kwenye friza kali hadi ishuke nyuzi 18 hasi. Foleni ikifika barabarani hatua hiyo hurukwa. Alama za siku hizo zimefutwa kwa maduka yote, kwa sababu zilipima foleni.

Masika imeleta kinyume chake. Mvua ikinyesha wateja hupungua, bidhaa hukaa, na duka lenye ladha nyingi huumia kwanza kwa kuwa ladha zisizopendwa huzeeka ndani ya kabati. Maduka yenye ladha chache yameshika nafasi zao bila kutetereka. Pale Msasani, muuzaji mmoja alituambia waziwazi tusichukue stafeli siku hiyo, tuchukue nazi iliyotengenezwa usiku. Tulinunua zote mbili ili kuhakiki, na alisema kweli. Tumeongeza kipengele hiki kwenye daftari: muulize muuzaji kipi usichukue. Anayejibu «zote nzuri» hapati alama.

Jumamosi, 26 Aprili 2025: hali ya orodha na gharama

Orodha ina maduka machache kuliko tulivyotarajia. Ya kulfi yako Upanga na Kisutu. La embe na maziwa ni lile la Sinza. Gelato imebaki moja Masaki, yenye vyombo vya vifuniko. Koni ya mashine ni ya Kariakoo. Na la Msasani limo kwa sharti la kumsikiliza muuzaji. Maduka ya aiskrimu yaliyo ndani ya maduka makubwa ya kisasa hayamo kwa sasa, ingawa mawili yanangoja ziara ya Jumatatu asubuhi.

Vifaa vimegharimu Sh 99,000, barafu na chumvi Sh 6,000, aiskrimu kama Sh 260,000 na usafiri kama Sh 140,000, jumla zaidi kidogo ya laki tano. Sehemu kubwa ya fedha ya aiskrimu ilikwisha kabla ya kukutana na fundi. Anayeanza leo anaweza kuanza na kipimajoto, kijiti cha kiwandani na ziara za asubuhi, akaacha deli na chujio hadi atakapobakiwa na maduka manne au matano ya kulinganisha. Kubeba kwa barafu na chumvi huigandisha gelato kuliko inavyostahili, hivyo matokeo ya nyumbani yatumike kwa ladha tu, umbile lihukumiwe dukani.

Awamu inayofuata ni Kigamboni, kwa kivuko, mvua zikipungua. Leo kipimajoto kimesoma nyuzi mbili juu ya sifuri ndani ya barafu na maji, kwa hiyo betri itabadilishwa kwanza, na kikiendelea hivyo kitanunuliwa kingine kabla ya safari.